Mgongo wa Binti Yako Uliutazama Lini?

Ukimwuliza mama yeyote mtoto wake alizaliwa na uzito gani, atakutajia mara moja. Kadi ya kliniki ameiweka kabatini pamoja na cheti cha ubatizo, na mstari wa ukuaji anajua ulipanda wapi na ulilala wapi. Lakini mtoto akishatimiza miaka mitano kadi ile huwekwa kando, na kuanzia hapo wengi wetu tunampima mtoto kwa macho tu. Viatu vimembana, sketi imekuwa fupi, basi amekua. Tunamshukuru Mungu na kumnunulia vingine.

Kumbe kuna kipindi cha pili cha kukua haraka, nacho ni kile cha kubalehe. Ndicho kipindi ambacho mgongo ulionyooka unaweza kuanza kupinda, na ule uliopinda kidogo ukapinda sana kwa muda wa miezi michache. Kinachoendesha kipindi hicho ni homoni. Mwezi huu tumeona tuzungumzie jambo hili, kwa sababu sisi tulio katika kazi ya uuguzi tumepokea mara nyingi binti wa miaka 16 au 17 ambaye wakati wa kumsaidia kwa njia nyepesi umekwisha kupita. Si kwamba mama yake alikuwa mzembe. Hakuna aliyemwambia autazame mgongo ule mapema.

MGONGO ULIOPINDA NI UPI?

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili. Ziko 24 zinazojongea: 7 za shingoni, 12 za kifuani na 5 za kiunoni, na chini yake kuna mifupa iliyoungana hadi kwenye kifandugu. Mtu akisimama nawe ukimtazama kwa nyuma, pingili hizo zinatakiwa kuwa katika mstari mmoja kutoka shingoni hadi kati ya makalio.

Kwa baadhi ya vijana mstari huo huenda upande, kama herufi S au C. Pingili zenyewe pia hujizungusha kidogo, zikavuta mbavu pamoja nazo. Ndiyo maana bega moja linaonekana juu kuliko jingine, au upande mmoja wa mgongo umetuna. Madaktari huita hali hiyo skoliosisi. Wanahesabu kuwa ni skoliosisi mpindo unapofikia nyuzi 10 au zaidi kwenye picha ya eksirei. Katika kila vijana 100 wa umri wa kubalehe, 2 au 3 hivi huwa nayo.

Tofautisheni hali hii na kibiongo, ambacho ni mgongo kuinama kwenda mbele. Navyo vibiongo vina sababu zake, na tutazigusa hapo chini.

HOMONI ZINAINGIAJE HAPA?

Homoni ni vichocheo vinavyotengenezwa na tezi za mwili na kusafirishwa na damu. Tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, iitwayo pituitari, hutoa homoni ya ukuaji. Tezi ya shingo, yaani thairodi, hutoa homoni inayoongoza kasi ya mwili mzima. Ovari za msichana hutoa estrojeni. Hizi zote hufanya kazi pamoja juu ya mifupa ya mtoto.

Mifupa ya mtoto ina sehemu za gegedu, na hapo ndipo mfupa unaporefukia. Msichana anapoanza kubalehe, estrojeni kidogo pamoja na homoni ya ukuaji huzichochea sehemu hizo, akarefuka kwa haraka. Baadaye, estrojeni ikishakuwa nyingi, hiyo hiyo huzifunga na urefu ukakoma. Kwa hiyo homoni hufungua mlango wa ukuaji, na homoni huufunga.

Fikirini fundi mwashi anayejenga ukuta. Tofali la mstari wa tatu likikaa upande kidogo, na fundi akaendelea kupandisha kwa haraka bila kushusha timazi, kosa ambalo halikuonekana chini litaonekana na kila mpita njia ukuta ukifika juu. Mgongo nao uko hivyo. Mpindo ukishaanza, upande wa ndani wa pingili hubanwa ukakua polepole, na upande wa nje ulio huru hukua zaidi. Kadiri ukuaji unavyokuwa wa kasi au wa muda mrefu, ndivyo mpindo unavyopata nafasi ya kuongezeka.

Tunapenda jambo hili lieleweke vizuri. Kwa vijana wengi wenye skoliosisi, ukipima damu yao hutakuta ugonjwa wowote wa homoni. Chanzo hasa cha mpindo wao hakijulikani, ingawa mara nyingi huonekana katika ukoo mmoja, kwa mama na binti au kwa ndugu wa tumbo moja. Homoni zenyewe hazikuupinda mgongo, lakini ndizo zinazoamua mpindo ule utakua kwa muda gani na kwa kasi gani.

KWA NINI MABINTI?

Mipindo midogo hupatikana kwa wavulana na wasichana karibu sawa. Lakini ukihesabu ile iliyozidi nyuzi 30, utakuta wasichana karibu 10 kwa kila mvulana mmoja. Kwa hiyo mpindo mdogo wa binti si wa kupuuzwa kwa kusema utanyooka wenyewe.

Na hapa kuna jambo ambalo mama analijua kuliko daktari yeyote: siku binti yake alipovunja ungo. Msichana hurefuka kwa kasi kubwa kuliko wakati wote kama nusu mwaka hadi mwaka mmoja kabla ya hedhi ya kwanza. Baada ya hedhi hiyo huongeza sentimeta chache tu, na kwa kawaida baada ya miaka miwili hivi urefu umekwisha. Maana yake ni kwamba wakati wa hatari kwa mgongo ni kabla ya hedhi, kuanzia matiti yanapochomoza. Katika desturi zetu nyingi mafunzo ya binti huanza akishavunja ungo. Kwa mambo mengine wakati huo unafaa, lakini kwa habari ya mgongo saa imekwisha kwenda mbali.

Wavulana hubalehe baadaye, na wao hurefuka kwa kasi wakiwa na miaka 13 hadi 15 hivi.

HOMONI ZINAPOKWENDA KOMBO

Wako pia vijana wachache ambao kweli wana hitilafu ya homoni, na hitilafu hiyo hugusa mgongo wao. Tutaje zile zinazofaa mama azijue.

Kuchelewa kubalehe. Estrojeni ikichelewa, mlango wa ukuaji nao huchelewa kufungwa na mifupa hukosa uimara wake. Mwaka 1986 jarida moja kubwa la kitabibu la Marekani lilichapisha utafiti juu ya wasichana 75 wacheza baleti, kazi inayotaka mwili mwembamba sana na mazoezi mengi. Kati yao 18, karibu robo nzima, walikuwa na skoliosisi. Na kati ya hao 18, 15 walikuwa wamechelewa kupata hedhi ya kwanza. Utafiti huo hauthibitishi kwamba kuchelewa peke yake ndiko kulikoupinda mgongo. Ila unatufundisha kwamba binti anayekula kidogo huku akitumia nguvu nyingi, awe mkimbiaji wa shule au anayejinyima chakula ili awe mwembamba, atazamwe hedhi yake na mgongo wake pia. Binti ambaye hadi miaka 13 matiti hayajaanza, au hadi miaka 15 hajaona hedhi, apelekwe kwa daktari. Msingoje mkidhani ni mambo ya ukoo.

Hali ya Turner. Wasichana wachache huzaliwa na upungufu katika vinasaba vyao vya jinsia ya kike. Huwa wafupi kuliko wenzao, ovari zao hazitoi estrojeni ya kutosha, na wengi hawapati hedhi bila dawa. Skoliosisi kwao ni ya kawaida zaidi kuliko kwa wasichana wengine. Baadhi hupewa sindano za homoni ya ukuaji. Kila mtoto anayepewa sindano hizo, kwa sababu yoyote ile, hupaswa kukaguliwa mgongo mara kwa mara, maana kurefuka kwa haraka kunaweza kuongeza mpindo aliokuwa nao.

Upungufu wa homoni ya thairodi. Mtoto mchanga mwenye upungufu huu hulala sana, hanyonyi vizuri, choo chake ni kigumu, ulimi wake ni mkubwa. Asipotibiwa, akianza kukaa unaweza kuona nundu sehemu ya chini ya mgongo, na akili yake hudumaa. Kwa mtoto mkubwa, upungufu huo humfanya adumae kwa kimo na achelewe kubalehe. Dawa yake ni vidonge vinavyorudisha homoni iliyopungua. Nasi tusiache kutumia chumvi yenye madini joto, kwa kuwa bila madini hayo tezi ya shingo haiwezi kutengeneza homoni yake.

Upungufu wa vitamini D. Tumeizoea kama vitamini, lakini mwilini hufanya kazi kama homoni: huufanya mwili uchukue kalisi ya chakula na kuipeleka mifupani. Mtoto akikosa vitamini hiyo au kalisi yenyewe, mifupa hulainika, miguu hupata matege, na mgongo nao unaweza kupinda. Jua tunalo, ila kuna watoto wanaofungiwa ndani tangu asubuhi hadi jioni, na wachanga wanaofunikwa mwili mzima siku zote. Watoto wapate jua, nao wale dagaa pamoja na mifupa yao, maziwa na mayai.

Dawa za jamii ya kotisoni. Hapa tunaomba msikilize sana. Tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni iitwayo kotisoli. Dawa kama prednisoloni na deksamethazoni hufanana nayo. Kwa mgonjwa wa pumu au wa figo aliyeandikiwa na daktari, dawa hizo huokoa maisha. Lakini zipo pia katika baadhi ya vidonge vinavyouzwa kienyeji vya kunenepesha mwili, na dawa za jamii hiyo hiyo huwekwa katika krimu kali za kujichubua. Binti akizitumia kwa muda mrefu uso huvimba kama mwezi, mwili hunenepa huku mikono ikibaki myembamba, kimo husimama, na pingili za mgongo hulegea hadi kubonyea. Hapo mgongo huinama na kuuma. Ukigundua mwanao anatumia vidonge hivyo, usimnyang'anye na kuvitupa siku hiyo hiyo, maana kuviacha ghafla kunaweza kumwangusha vibaya. Mpeleke hospitali pamoja na vidonge vyenyewe ili ashushiwe dozi kidogo kidogo.

Huenda pia mkasikia juu ya melatonini, homoni ya usingizi. Wanasayansi waligundua kwamba vifaranga wa kuku wakiondolewa tezi inayoitoa, wengi wao hupinda mgongo. Kwa binadamu mambo hayakuonekana kuwa hivyo, na hakuna tiba ya mgongo ya vidonge vya melatonini iliyothibitishwa. Mtu akikuuzia, hifadhi fedha yako.

MLANGO WA BAFU UMEFUNGWA

Tatizo letu akina mama ni hili. Mtoto akiwa na miaka sita tunamwogesha wenyewe, mgongo wake tunauona kila siku. Akifika miaka kumi au kumi na moja anaanza kuona haya, anafunga mlango wa bafu. Ni vema afanye hivyo. Lakini ndio umri ule ule ambao mgongo unatakiwa kutazamwa, na skoliosisi kwa kawaida haiumi, kwa hiyo binti mwenyewe hana la kulalamikia.

Basi mwombe kwa upole. Mweleze kwa nini, na kama anakuonea haya wewe, shangazi yake au bibi anaweza kufanya. Ajifunge kanga kifuani mbele na kuacha mgongo wazi, asimame peku, miguu pamoja, mikono ikining'inia. Kaa nyuma yake utazame haya:

Je, mabega yako sawa?
Je, mifupa ya mabega nyuma imelingana, au mmoja umechomoza?
Je, nafasi kati ya mkono na kiuno ni sawa pande zote mbili?
Je, nyonga moja iko juu?

Kisha mwambie ainame polepole kama anayetaka kushika vidole vya miguu, magoti yakiwa yamenyooka na viganja vimekutana. Inamisha macho yako yawe sawa na mgongo wake. Ukiona upande mmoja umeinuka kuliko mwingine, mpeleke hospitali. Njia hii ilielezwa na daktari Mwingereza William Adams mwaka 1865, na hadi leo haina gharama yoyote.

Fanya hivyo kila baada ya miezi sita, kwa binti kuanzia miaka 10 hadi 14, na kwa mvulana kuanzia 12 hadi 16. Kama katika ukoo yuko aliyepinda mgongo, usikose hata mara moja. Na fundi cherehani akikuambia pindo la sketi ya shule linashuka upande mmoja, ingawa alilikata sawa, usigombane naye kwanza. Tazama mgongo wa mtoto.

ISIJE IKAWA KIFUA KIKUU

Mgongo ukiuma, hasa usiku, au ukitokeza nundu kali katikati, pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, hilo si jambo la homoni. Inaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho kinakula pingili na kinaweza kupooza miguu. Mgonjwa asikandwe wala asivutwe na mtu. Awahishwe hospitali, kwani dawa za kifua kikuu hapa Tanzania hutolewa bure na ugonjwa hupona. Vivyo hivyo miguu ikifa ganzi au kukosa nguvu, au mtoto akishindwa kuzuia mkojo, usingoje kesho.

HOSPITALI WATAFANYA NINI?

Daktari atampiga picha ya eksirei na kupima nyuzi za mpindo. Atauliza pia maswali mawili ambayo majibu yake anayo mama: Ameanza hedhi lini? Mwaka huu amerefuka kiasi gani? Majibu hayo humwonyesha ukuaji uliobaki, na ukuaji uliobaki ndio unaoongoza matibabu. Kwa hiyo andika tarehe ya hedhi ya kwanza, na mpime kimo chake kwenye fremu ya mlango kila baada ya miezi mitatu ukiweka alama ya penseli na tarehe. Kukiwa na dalili za homoni, atapimwa na damu.

Mpindo mdogo, chini ya nyuzi 25, huangaliwa tu kila baada ya miezi michache. Ukiwa kati ya 25 na 40, na mtoto bado anakua, hutengenezewa vazi gumu la plastiki la kushikilia mgongo. Mwaka 2013 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa Marekani na Kanada: katika kila vijana 100 waliovaa vazi hilo, 72 walimaliza kukua bila mpindo wao kufikia nyuzi 50, kwa wasiovaa walikuwa 48. Waliofaulu zaidi ni wale waliolivaa zaidi ya saa 13 kwa siku. Joto letu twalijua, kwa hiyo avae fulana ya pamba ndani na aibadilishe mara kwa mara. Lakini vazi hili haliunyooshi mgongo ambao ukuaji wake umekwisha. Hapo ndipo ilipo hasara ya kuchelewa.

Mpindo ukizidi nyuzi 45 au 50, daktari anaweza kushauri upasuaji wa kuweka vyuma. Ni upasuaji mkubwa na wa gharama. Taasisi ya Mifupa MOI, Muhimbili, ni mahali pa rufaa kwa magonjwa ya uti wa mgongo. Na kule KCMC Moshi, chuo cha TATCOT kimekuwa kikiwafundisha mafundi wa vifaa vya mifupa tangu mwaka 1981. Anza na kituo chako cha afya, uombe barua ya rufaa.

MNAYOTUULIZA

Je, ni begi zito la shule? Begi zito huchosha na kuumiza mgongo, lakini halisababishi skoliosisi. Wala kukaa vibaya hakusababishi. Kumpigia mtoto kelele "simama wima!" ni kumwonea.

Je, alale juu ya ubao, au afungwe kanga kwa nguvu? Hapana. Alale kitandani mwake kama ndugu zake.

Je, ni mkosi, au amerogwa? Ni maradhi kama maradhi mengine. Binti asifichwe wala asiachishwe shule.

Je, ataolewa na kuzaa? Wanawake wengi wenye skoliosisi hubeba mimba na kujifungua salama. Awaeleze tu wakunga mapema. Na kama anaogopa kucheza na wenzake, mwambieni habari za Usain Bolt wa Jamaika, aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 huko Berlin mwaka 2009. Yeye mwenyewe ana skoliosisi. Michezo inamfaa mtoto, isipokuwa daktari akimkataza.

Akina mama wenzetu, kadi ya kliniki tuliifuata miaka mitano bila kuchoka, kwenye jua na kwenye mvua. Sasa tunahitaji dakika tano tu, kila miezi sita, kwa miaka minne. Jumamosi hii, nguo zikishafuliwa na nyumba imetulia, mwite binti yako chumbani umtazame.